Mashine na Kazi ya Sheria: Ni Nani Atakayeulizwa?



Mwezi uliopita alitujia chuoni bibi mmoja wa mtaa wetu, naye amefunga karatasi katika pindo la kanga yake. Mume wa binti yake, fundi seremala, alifariki angali kijana. Aliacha mke, binti wawili wadogo, na wazee wake wote wawili wahai. Mjane mwenyewe yumo edani, hatoki. Ndiyo maana mama yake akaja badala yake. Baada ya maamkizi akatupa ile karatasi, akasema, "Maalim, nisomee hii. Wameniambia mwanangu hana kitu."

Tuliisoma. Haikuandikwa na kadhi, wala na hakimu, wala na mtu yeyote aliyepata kukaa mbele ya mwalimu akafundishwa elimu ya faraidhi. Iliandikwa na mashine. Mdogo wake marehemu aliiuliza simu yake ya mkononi namna ya kugawa mirathi, simu ikamjibu kwa maneno mazuri yaliyopangika, naye akayapeleka kuchapwa na kuwasomea jamaa.

Tutairudia karatasi hiyo, na tutaeleza kosa lake kwa hesabu. Lakini kwanza yatupasa tueleze mashine hii ni kitu gani, na imeingiaje katika kazi ya sheria. Kwani jambo lililompata mjane huyu limewapata mawakili wakubwa katika miji mikubwa ya dunia, watu wenye vyeti na vitabu vya kutosha. Sisi si mawakili. Lakini mmoja katika wanafunzi wetu wa zamani leo ni wakili, naye ametufahamisha mengi katika haya.

KAZI YA WAKILI NA MASHINE

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya wakili ni kusimama barazani na kusema kwa ufasaha. Sivyo. Sehemu kubwa ya kazi yake ni kutafuta na kuandika. Hutafuta sheria inasemaje, na majaji waliotangulia walihukumu vipi katika shauri linalofanana na lake. Kisha huandika mikataba, hati za madai, na hoja za kupeleka mahakamani. Zamani kazi ya kutafuta ilikuwa ni kufunua majalada makubwa ya hukumu kwa siku nyingi. Mwaka 1973 huko Marekani ilianzishwa huduma iitwayo Lexis, ambayo ilimwezesha wakili kutafuta hukumu kwa kompyuta. Leo hata sisi tusio na maktaba kubwa twaweza kusoma hukumu za Tanzania bure katika TanzLII, na za Kenya katika Kenya Law.

Katika mambo hayo yote, mashine ilikuwa ni mtumishi wa kuleta kitabu. Hukumu iliyoletwa iliandikwa na jaji, na mashine haikuongeza humo hata herufi moja.

Lakini tarehe 30 Novemba 2022 ilitolewa kwa watu wote programu iitwayo ChatGPT, na baada yake zikaja nyingine za namna hiyo. Hizi ndizo ziitwazo akili mnemba, na wengine huziita akili bandia. Mashine hizi kazi yake ya asili si kuleta kitabu, bali kutunga maneno. Zimelishwa maandishi mengi mno yasiyohesabika, zikajifunza humo ni neno gani hufuata neno gani. Ukiziuliza, hutunga jibu neno baada ya neno, kwa kufuata lile linaloelekea zaidi kufuata. Kwa njia hiyo huandika mkataba kwa dakika moja, hufupisha jalada la kurasa mia, na hutafsiri barua ya sheria kwa lugha ya nyumbani. Mambo haya ni ya ajabu, na mwenye insafu hayakatai.

Lakini fahamu vizuri, ewe msomaji: kutunga maneno yanayofanana na kweli si sawa na kusema kweli. Mara nyingi mashine isiyojua jambo haioni haya wala haisiti. Hujaza pengo kwa kitu kinachofanana na kile ulichotaka, na sauti yake haibadiliki.

YALIYOTOKEA NEW YORK NA LONDON

Mtu mmoja alilishtaki shirika la ndege la Avianca katika mji wa New York, akidai kwamba mwaka 2019, alipokuwa safarini, aligongwa goti na kitoroli cha chuma cha kugawia chakula. Shirika likajibu kwamba muda wa kudai umekwisha kupita. Mawakili wa mdai wakaleta hoja yao mwezi wa Machi 2023, na ndani yake wametaja hukumu za zamani zinazowaunga mkono: majina ya wadai na wadaiwa, nambari, miaka, na hata maneno ya majaji.

Mawakili wa upande wa pili walizitafuta hukumu hizo wasizione. Jaji naye alizitafuta asizione. Ilikuja kudhihirika kwamba hukumu sita miongoni mwazo hazikupata kuwako duniani. Zilitungwa na mashine. Na wakili aliyezitafuta hakuwa mwanafunzi, bali mtu aliyekuwa katika kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 30. Alipoingiwa na shaka aliiuliza ile ile mashine kama hukumu hiyo ni ya kweli, nayo ikamjibu kwamba ni ya kweli. Tazama, ndugu msomaji: alimwuliza mwenye kutuhumiwa awe shahidi wa nafsi yake!

Tarehe 22 Juni 2023 Jaji Kevin Castel aliwatoza mawakili wale na ofisi yao faini ya dola 5,000, akawaamuru pia wawaandikie majaji waliosingiziwa kuandika hukumu zile. Lakini hakusema kwamba kutumia mashine ni kosa. Alisema, kwa maana ya maneno yake, kwamba kusaidiwa na chombo cha kutegemewa si ubaya, ila wakili ndiye mlinzi wa mlango, na juu yake ni kuhakikisha usahihi wa kila anachokipeleka mahakamani.

Mtu angedhani kwamba khabari hiyo ingetosha kuwa onyo. Haikutosha. Tarehe 6 Juni 2025 Mahakama Kuu ya Uingereza, mjini London, ilitoa uamuzi juu ya mambo kama hayo hayo. Katika shauri mojawapo, lenye madai ya mamilioni ya pauni, zilitajwa rejea 45, na katika hizo 18 zilikuwa ni za mashauri yasiyokuwako. Moja ilinasibishwa na jaji yule yule aliyekuwa akilisikiliza shauri lile! Aliyezitafuta alikuwa ni mteja mwenyewe, kwa kutumia mashine, na wakili wake akazipokea bila ya kuzichungua. Yaani mteja ndiye aliyemfundisha wakili, na wakili akaridhika. Jaji Victoria Sharp alionya kwamba mwenye kufanya hivyo huweza kushtakiwa kwa kuidharau mahakama, na katika hali mbaya kabisa huweza kufikishwa katika mashtaka ya jinai.

Na msidhani kwamba ni mashine za bure peke yake zenye ila hii. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizipima programu za akili mnemba zilizotengenezwa hasa kwa ajili ya mawakili, zinazouzwa kwa fedha nyingi. Wakaona kwamba zilikosea kwa kutunga baina ya asilimia 17 na 33 ya majibu. Lau karani wa ofisi angekosea mara moja katika kila mara sita, asingekaa kazini hata mwezi.

SISI TULIKWISHA KULIJUA JAMBO HILI

Hapa twapenda kuwakumbusha wasomaji kwamba maradhi haya si mageni kwa umma wetu, na dawa yake pia si ngeni. Wanavyuoni wa Hadithi walipambana na watu waliotunga maneno na kumsingizia Mtume, rehema na amani zimshukie. Ndiyo maana wakashikilia isnadi: ni nani aliyekwambia, naye aliambiwa na nani, mpaka mwisho wa silsila, na kila mmoja katika wapokezi alichunguzwa ukweli wake, hifadhi yake, na kama alikutana kweli na huyo anayedai kumsikia.

Lakini hapa pana jambo ambalo wengi hulisahau. Watunzi wale hawakuleta maneno matupu. Walitunga na isnadi pia! Walipanga majina ya watu waaminifu kuwa mapambo ya uwongo. Basi wanavyuoni hawakutosheka kusikia silsila nzuri. Walisafiri, wakaulizia, wakalinganisha vitabu. Na mashine hii ndivyo ifanyavyo: ukiidai ushahidi, hukuletea jina la jaji, nambari ya shauri, na mwaka. Kwa hiyo haitoshi kuuliza, "Umeyatoa wapi?" Yatupasa twende huko kulikotajwa, tukifungue kitabu, tukaone kwa macho yetu. Mawakili wa New York na London walipungukiwa na hatua hiyo moja, nayo ilikuwa ni kazi ya dakika chache.

KARATASI YA MJANE

Sasa turudi kwenye pindo la kanga. Mali iliyoandikwa katika karatasi ilikuwa shilingi 5,700,000, thamani ya mbao, vyombo vya useremala, na pikipiki. Mashine iligawa hivi: mke thumni, yaani sehemu moja katika nane, shilingi 712,500, binti wawili thuluthi mbili, shilingi 3,800,000, baba sudusi, yaani sehemu moja katika sita, shilingi 950,000, na mama sudusi, shilingi 950,000.

Kila fungu peke yake ni sahihi, nayo yamo katika Suratun Nisaa. Lakini yajumlisheni, nanyi mtapata shilingi 6,412,500. Mali haitoshi, yapungua shilingi 712,500. Nayo, kwa sadfa ya hesabu, ni kiasi kile kile cha fungu la mke.

Jamaa walipoona upungufu huo, yule kijana aliiuliza mashine mara ya pili. Na angalieni alivyouliza: je, si haki mjane ndiye apunguziwe, kwa kuwa angali kijana na huenda akaolewa tena? Mashine ikamwafiki, ikampa na sababu za kupendeza. Wakaliondoa fungu lake, hesabu ikakaa sawasawa bila kuzidi wala kupungua hata senti, na kila mtu akaona kwamba jambo limekwisha. Uwongo uliokaa sawa katika hesabu ni mgumu kuliko wote kuutambua.

Lakini masala haya yanajulikana na wanafunzi wa faraidhi tangu zama za Masahaba. Huitwa Mimbariya, kwa kuwa yasimuliwa kwamba Sayyidna Ali, Mwenyezi Mungu amridhie, aliulizwa naye yupo juu ya mimbari, akajibu papo hapo bila ya kuikatisha khutuba yake kwamba thumni ya mke imegeuka kuwa tusui, yaani sehemu moja katika tisa. Asili ya masala ni 24: mke 3, binti 16, baba 4, mama 4. Jumla ni 27. Basi kwa madhehebu yetu manne, mali hugawanywa mafungu 27 badala ya 24, na kila mrithi hupunguka kwa kadiri ya fungu lake. Hiyo ndiyo auli. Hapana mtu mmoja anayebebeshwa upungufu wa wote.

Tena tuliuliza jambo ambalo mashine haikuuliza: marehemu alikuwa na deni? Yule bibi akainama, akasema kwa haya kwamba shilingi 300,000 za mahari ya binti yake hazikupata kulipwa, nao waliona vibaya kulitaja hilo msibani. Lakini mahari ni deni, na deni hutangulia mirathi. Zikitoka hizo, hubaki shilingi 5,400,000, na kila fungu katika 27 ni shilingi 200,000. Mke apate 600,000, kila binti 1,600,000, baba 800,000, na mama 800,000. Hivyo mjane aliyeambiwa hana kitu, haki yake pamoja na mahari yake ni shilingi 900,000.

Tulikwenda kwa wazee wa marehemu na kitabu mkononi. Baba yake alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Maalim, mimi nimemzika mwanangu. Sitaki kula na haki ya mkewe." Akatia saini, na ndiye aliyekwenda Mahakama ya Mwanzo kuwa msimamizi wa mirathi. Yule kijana naye hakuwa mtu mbaya. Alitaka kuwatetea wazee wake. Alituuliza swali moja tu: "Mbona haikuniambia kwamba haijui?"

KUSIKILIZA PANDE MBILI

Jawabu lake ni kwamba mara nyingi mashine haijui kuwa haijui. Wala haikuwa na mtu wa pili wa kuipinga. Kadhi amefunzwa asihukumu mpaka amsikilize na mwenziwe. Mashine humsikia yule aliyeishika tu, nayo yapenda kumwafiki. Ukiiuliza kwa maneno yanayoelemea upande wako, nayo huelemea. Na upande usio na simu mkononi, kama mjane aliye edani, sauti yake haifiki.

Tena kadhi ana jambo jingine lisilokuwamo ndani ya mashine yoyote: ataulizwa. Hapa duniani huulizwa na mahakama ya rufaa, na kesho huulizwa na Mola wake. Nanyi mwayajua maonyo yaliyopokewa katika khabari za makadhi watatu. Wakili wa New York alitozwa faini yeye. Mashine haikutozwa kitu. Uzito wa jukumu haukuhama katika mabega ya mwanadamu hata kwa kiasi cha chembe ya hardali.

Pamoja na haya, hatusemi kwamba hesabu za mashine ni haramu, wala hatuwaiti watu warudi nyuma. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad katika zama za Khalifa Maamun, alipoandika kitabu chake cha aljebra, sehemu kubwa ya kitabu hicho aliifanya ya masala ya wasia na mirathi. Na kwa jina lake ndiko lilikotoka neno algorithimu, ambalo ndilo jina la mipango ya hesabu iendeshayo mashine zote hizi. Basi hesabu ya faraidhi na kompyuta ni ndugu wa nasaba moja. Vilevile Mahakama ya Tanzania imeanza kutumia mtambo wa akili mnemba wa kuandika maneno yanayosemwa barazani na kuyatafsiri baina ya Kiswahili na Kiingereza, ili hakimu apumzike na kuandika kila neno kwa mkono wake. Ikiwa hilo litaharakisha mashauri, wanyonge ndio wa kwanza kunufaika. Ila nakala hizo pia zataka jicho la mtu wa kuzisahihisha.

NASAHA ZETU

Kwanza, itumieni mashine kama mnavyomtumia mtu wa kuwaelekeza njia: ikufahamisheni maana ya neno la sheria, ikusaidieni kupanga maswali mtakayompelekea wakili au kadhi. Lakini msiifanye hakimu.

Pili, kila rejea inayotajwa, iwe ni aya, hadithi, kifungu cha sheria au hukumu, ifungueni pale ilipotajwa kabla ya kuitegemea. Isipopatikana, iacheni.

Tatu, msiitie mashine siri za watu. Majina ya mayatima, madeni, talaka na mikataba ni amana. Wakili hufungwa na wajibu wa kutunza siri za mteja wake. Mashine haifungwi na wajibu huo.

Nne, jambo likigusa haki ya mtu, lipelekeni kwa mtu anayeweza kuulizwa. Kenya na Zanzibar mna Mahakama za Kadhi. Za Kenya zimetajwa katika ibara ya 170 ya Katiba ya mwaka 2010. Tanzania Bara mashauri ya mirathi ya Kiislamu husikilizwa katika Mahakama ya Mwanzo, na mashekhe wenye elimu wapo wa kushauri.

Tano, na hili ndilo kubwa kwetu sisi walimu na wazazi: tuwafundishe vijana faraidhi, wa kiume na wa kike. Zamani kila chuo kilikuwa na mtoto awezaye kugawa masala ya watu watano kwa chaki. Leo hata sisi walimu tumelegea, na hatuwezi kumlaumu kijana aliyeiuliza simu ikiwa hakuona kwetu wa kumwuliza. Yule kijana wa khabari hii sasa huja chuoni kila Alhamisi baada ya Isha, na binti mkubwa wa marehemu, mwenye miaka tisa, huja asubuhi. Juzi tulimpa masala ya mke, binti wawili na wazazi wawili. Akahesabu kwa vidole, akafika ishirini na saba, akasita. Akasema, "Maalim, yamezidi."

Huko kusita ndiko tunakokutaka. Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuijua haki na kuifuata, na atuepushe na kula mali za mayatima kwa ujinga wetu. Amin.